Ukitaka kuruka kama Rey Mysterio, anza na mgongo

Wadogo zangu mnaoniandikia mkitaka kuwa wanamieleka wa kuruka, video zenu nazitazama. Wengi mmetokea kwenye sarakasi. Mnapinduka mara mbili hewani juu ya mchanga wa ufukweni na kutua wima kwa miguu miwili. Na swali lenu karibu ni lile lile: lini nitaruhusiwa kupanda kamba ya juu? Nimeona nijibu kwa wote na kwa urefu, kwa sababu miaka ya kuwafundisha wanaoanza mieleka huku Uingereza imenionyesha kwamba wanaoumia mapema ni wale wale walioruka vizuri tangu siku waliyoingia.

Nitamtumia sana Rey Mysterio, mwanamieleka mdogo wa umbo anayepigana akiwa amevaa kinyago, kama mfano, kwa kuwa ndiye mnayemtaja nyote. Alizaliwa Desemba 1974 huko Chula Vista, California, akawa anavuka mpaka kwenda Tijuana, Mexico, kufundishwa na mjomba wake, Rey Misterio, aliyekuwa mwanamieleka na mwalimu. Pambano lake la kwanza lilikuwa Aprili 1989, akiwa na miaka 14. Kimo chake ni kama sentimita 168, yaani wengi wenu mnamzidi. Jina la mjomba hakupewa siku hiyo. Alianza akiitwa La Lagartija Verde, kisha El Colibrí, na jina la Rey Misterio Jr. likaja mwalimu aliporidhika kwamba analistahili. Mwaka 2024, miaka 35 baada ya pambano lile la kwanza, bado alikuwa anapanda ulingoni WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani. Hebu fikirini hesabu hiyo: mtu wa kuruka, magoti yamepasuliwa mara kadhaa, miaka 35. Mimi naamini siri haikuwa kwenye kuruka kwake, na ndiyo sababu nawaandikia.

Tuanze na kuanguka. Mwanasarakasi hufundishwa kutua kwa miguu na kujikaza. Mwanamieleka hufundishwa kutua kwa mgongo na kuuachia mwili upokee kwa upana. Kidevu unakibana kifuani, macho yanatazama kitovu, mikono inafunguka kidogo pembeni ikiwa imenyooka, viganja vikitazama chini, na viganja hivyo vinapiga turubai wakati ule ule mgongo wa juu unapogusa. Pumzi inatoka hapo hapo. Kiwiko hakitangulii. Mkono haupelekwi nyuma kuzuia, maana ukiupeleka, kifundo ndicho kitakachovunjika. Mfupa wa mkia haupokei uzito kabisa. Chini ya turubai kuna sponji nyembamba, chini ya sponji kuna mbao, na mbao zimelala juu ya fremu ya chuma. Usipoangukia eneo pana la mwili, mbao zitachagua zenyewe mahali pa kukuumiza.

Wanaotoka kwenye sarakasi hunipa kazi kubwa zaidi hapa kuliko wasiojua lolote. Mwili wao umezoea kutafuta miguu. Ukimwambia aanguke nyuma, akiwa njiani goti linakunjika, mguu mmoja unanyemelea sakafu, na uzito wote unaishia kwenye kisigino na goti. Kwa hiyo namchuchumaza kwanza, aanguke kutoka hapo chini, na chini ya kidevu namwekea kitambaa kilichokunjwa akibane kifuani. Kitambaa kikidondoka, shingo ilifunguka, tunarudia. Kijana anayeweza kupinduka mara mbili hewani anaona kitambaa kile ni dharau. Nakuomba usikione hivyo. Shingo iliyofunguka ukiwa umechuchumaa itafunguka pia ukiwa umetupwa kutoka mabegani mwa mtu wa kilo 120.

Kitu kingine ambacho video hazionyeshi ni mtu wa chini. Ukimtazama Rey akitoka ndani ya ulingo, akapita juu ya kamba na kumwangukia mpinzani aliye nje, macho yako yanamfuata yeye. Rudia kuitazama, mara hii mtazame anayengoja. Mikono yake iko juu na imefunguka, kidevu kimebanwa, mguu mmoja uko nyuma. Anapokea kifua na nyonga za mrukaji, anaenda naye chini, na mgongo wake ndio unaogusa sakafu kwanza. Mrukaji akiwa hewani hana breki wala usukani. Aliye chini ndiye anayesogea hatua moja kushoto kwa sababu ameona ruko limekuja kombo. Mexico mtu huyo anaitwa base, na kumsifu mwanamieleka kwamba ni base mzuri ni sifa kubwa kweli. Kwenye mazoezi yangu hakuna anayeruka kabla ya kudaka. Ukishadaka vya kutosha, unajua kwa mbavu zako mwenyewe kipi kinamuumiza mwenzako: goti lililosahauliwa mbele, kichwa kilichotangulia, mtu aliyeruka kabla hujawa tayari.

Rey alikuwa na mtu wa namna hiyo tangu utotoni mwa kazi yake. Psicosis alikuwa mwenzake kule Tijuana, na wawili hao walipambana Mexico, wakapambana Japani, wakapambana Marekani kwenye kampuni ya ECW mwaka 1995, na Julai 1996 kwenye kampuni nyingine ya huko, WCW, katika onyesho la Bash at the Beach. Watazamaji wa Marekani walishangaa jinsi watu wawili wanavyoweza kuchezeana kwa kasi ile bila kugongana vibaya. Hawakujua kwamba pambano lile lilikuwa limeshachezwa kwenye kumbi ndogo nyingi kabla yake. Tafuta Psicosis wako. Usibadilishe mwenza kila wiki kwa sababu fulani ana wafuasi wengi mtandaoni. Mkiwa wawili mnaojuana pumzi, mtajifunza katika mwaka mmoja kile ambacho wanaobadilishana kila siku hawakipati kwa mitatu.

Sasa kuhusu lini uruke. Kama una muda wa kutazama pambano moja tu la Rey, tazama lile la onyesho la WCW la Halloween Havoc, Oktoba 26, 1997, Las Vegas, dhidi ya Eddie Guerrero. Eddie aliweka rehani ubingwa wake wa uzito mwepesi, Rey akaweka kinyago chake: akishindwa, anakivua. Ni pambano la kama robo saa tu. Mara ya kwanza litazame upendavyo. Mara ya pili shika kalamu na uandike kila mara Rey anapoondoka chini, na kila mara anapokuwa amelala, amebanwa, anavutwa kinyago. Utashangaa jinsi muda mwingi unavyomilikiwa na Eddie. Anamkandamiza, anamkunja, anachana kinyago kidogo kidogo, na ukumbi mzima unaingiwa na hofu kwamba kijana atavuliwa uso. Kisha Rey anapata upenyo: anapanda kamba, anapinduka kinyumenyume hewani na kushuka huku amemkaba Eddie shingo, wote wawili chini. Watu wanasimama. Wamesimama kwa sababu Eddie aliwanyima kitu kile kwa dakika kadhaa. Ruko lile lile lingetolewa kwenye dakika ya kwanza, lingepigiwa makofi na kusahaulika.

Hapa ndipo vijana wengi mnapoharibu. Mna maruko manane, basi mnataka yote manane yaonekane kwenye dakika sita. Hakuna anayekumbuka hata moja, na mwili umelipa gharama ya yote. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wachague mawili. Moja la kuwaamsha watu, moja la kumalizia. Katikati wajifunze kupigwa, kuchechemea kwa mguu ule ule ulioumizwa (si mara wa kulia, mara wa kushoto), na kumtazama mpinzani kana kwamba ni mkubwa kweli. Mtu mdogo ulingoni ana utajiri mmoja: watazamaji wanahofia usalama wake. Akiruka bila kukoma, hofu hiyo inakwisha.

Tena angalieni lile tendo lililomfanya Rey ajulikane hadi kwa watoto wa Dar es Salaam na Nairobi waliokuwa wakiliigiza kwenye makochi ya nyumbani: 619, lililopewa namba ya simu ya eneo la San Diego anakotoka. Mpinzani ameanguka kifua juu ya kamba ya kati. Rey anakimbia, anashika kamba kwa mikono miwili, anapitisha miguu katikati ya kamba na kuizungusha hadi usoni mwa mpinzani. Asili yake ni hila ya Satoru Sayama wa Japani, Tiger Mask wa kwanza, aliyekuwa akipita kwenye kamba hivyo na kurudi ndani, kumdanganya tu aliye nje. Sasa pima tendo hilo kama fundi. Rey haanguki kutoka juu. Mikono haiachii kamba. Mgongo haugongi chochote. Na kwa kuwa mpinzani lazima kwanza alale kwenye kamba, ukumbi unapata muda wa kujua kinachokuja na kupiga kelele kabla hakijafika. Tendo maarufu kuliko yote la mrukaji maarufu kuliko wote halimtaki aruke kutoka popote. Nataka mlitafakari hilo kabla ya kuchagua tendo lenu la jina.

Kamba nazo ni somo, na watu wanalipita haraka. WWE hutumia kamba za nyuzi zilizofungwa utepe. Kampuni nyingine nyingi hutumia waya wa chuma uliovikwa mpira. Hazirushi sawa. Karibu na nguzo kamba ni ngumu, katikati inabonyea. Ulingo wa WWE una futi 20 kila upande, lakini nyingi utakazopandia zitakuwa na 18 au 16, na hatua ulizozoea kukimbia hazitaenea. Fika mapema. Panda, bonyeza kila kamba kwa mguu, zungukia nguzo zote nne, gusa utepe uone kama umelowa. Baada ya mapambano matatu ya kwanza utepe ule unakuwa na jasho la watu sita. Futa soli za viatu kabla ya kuingia.

Nasema haya nikimfikiria Hayabusa. Alikuwa miongoni mwa warukaji wazuri kabisa Japani. Oktoba 22, 2001, ukumbini Korakuen, Tokyo, alikanyaga kamba ya kati ili apinduke kinyumenyume, tendo alilokuwa amelifanya kwa miaka. Mguu ukateleza. Alitua kwa kichwa, shingo ikavunjika, akapooza. Alikuwa na miaka 32. Aliendelea kupigana na mwili wake hadi akaweza tena kusimama na kupiga hatua kwa msaada, na alifariki Machi 2016 akiwa na miaka 47. Halikuwa tendo jipya kwake, wala hakuwa mwanafunzi.

Na wenye nguvu msidhani mmekingwa. Brock Lesnar, pande la mtu, kwenye WrestleMania ya 19, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, Machi 2003 huko Seattle, alipanda kamba ya juu mwishoni mwa pambano refu na Kurt Angle ili afanye Shooting Star Press, ambapo mtu anaruka mbele huku anapinduka nyuma. Alikuwa ameshalifanya kabla ya kuingia WWE. Lakini safari hii alikuwa amechoka, na Angle alikuwa amelala mbali mno. Mzunguko haukutimia, akatua kwa kichwa na kupata mtikiso wa ubongo. Umbali ukiwa mbaya, shuka. Tafuta njia nyingine ya kumalizia. Hakuna mtazamaji atakayedai fedha zake kwa sababu ulimaliza kwa tendo dogo. Miguu ikianza kutetemeka pale juu, imeshakuambia jibu.

Jambo ninalolisema kwa uzito kuliko yote linatoka Tijuana kwenyewe. Machi 20, 2015, Rey alikuwa kwenye pambano la wawili wawili na Perro Aguayo Jr., mwanamieleka wa Mexico, akiwa upande wa pili. Lilikuja teke la kuruka la kawaida, la aina wanayopiga kila usiku, na Aguayo akaangukia kamba kama mtu anayewekwa tayari kwa 619. Shingo ilikuwa imeumia. Pambano liliendelea kwa muda kabla watu hawajaelewa kwamba halalii kamba kwa kuigiza. Alifariki usiku ule. Sina lawama kwa yeyote aliyekuwemo. Ilikuwa ajali, na ilimgusa mtu makini kuliko wengi. Ninachowataka mchukue ni desturi ya ishara. Kila unapomgusa mpinzani aliyelala, bana mkono wake. Akiwa mzima atakubana nawe. Asipobana, mwite refa hapo hapo, kwa sauti, na uache kila kitu. Refa atainua mikono na kuipishanisha kuwa msalaba, na wote nyuma ya pazia watajua si mchezo tena. Fanyeni mazoezi ya ishara hiyo kama mnavyofanya ya kuanguka. Aibu ya kusimamisha pambano la mtu aliyekuwa mzima inakwisha kesho yake.

Kuhusu mwili wenyewe. Dynamite Kid, Mwingereza wa Lancashire, mdogo wa umbo, alicheza na Tiger Mask kule Japani kuanzia 1981 mapambano ambayo warukaji wa leo wote ni wajukuu zake. Hakujihurumia hata usiku mmoja. Aliruka kutoka kamba ya juu na kumpiga mpinzani kwa kichwa kila alipopata nafasi, akaubebesha mwili dawa za kukuza misuli, na Desemba 1986, akiwa na miaka 28, mgongo ukaharibika ulingoni huko Hamilton, Kanada. Ilipofika 1997 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Mheshimuni, mtazameni, lakini msifuate mwendo wake.

Upande wa pili, tazama Rey kwenye Royal Rumble ya Januari 2006, pambano la WWE ambalo watu 30 huingia mmoja baada ya mwingine na kutupana nje hadi abaki mmoja. Aliingia wa pili kati ya 30 na akakaa ndani saa moja na dakika mbili hadi akashinda, na Aprili akawa bingwa wa dunia wa uzito mkubwa kwenye WrestleMania ya 22. Saa moja ile hakuimaliza kwa maruko. Aliimaliza kwa pumzi, kwa kujua lini ajishikilie kwenye kona, lini ajilaze, lini amwachie mwingine kazi. Kimbieni. Fanyeni mazoezi ya mapaja na nyonga kuliko ya kifua, kwa sababu goti la mrukaji hulindwa na misuli iliyo juu yake. Shingo ifanyieni kazi kila wiki. Goti likivimba, usiruke juu yake wiki hiyo kwa sababu kuna bango lenye picha yako.

Fedha nitazigusa kidogo tu. Unapoanza unalipwa kwa onyesho, na mara nyingine nauli ndiyo malipo. Hata WWE huwaandika wanamieleka wake kama wakandarasi huru, si waajiriwa. Kwa hiyo kabla ya kutia saini popote uliza kwa maandishi: nikiumia ulingoni nani analipa hospitali, na jina langu na vazi langu ni mali ya nani? Mwaka 1999 WCW ilimvua Rey kinyago kwenye onyesho lake la SuperBrawl, na mwenyewe alisema hadharani kwamba haukuwa uamuzi mzuri. Kwa Wameksiko kinyago kinavuliwa kwenye kilele cha uhasama mkubwa, mbele ya watu wa nyumbani, na mvuliwaji huondoka na malipo yanayolingana. Yeye hakupata hayo. Alipokivaa tena WWE mwaka 2002, wako waliokasirika Mexico. Ukibuni umbo lako la ulingoni, lilinde kama shamba la urithi.

Wale mlio nyumbani na hamna ulingo, najua swali lenu. Kule Mukono, Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling walijijengea ulingo wa miti juu ya udongo laini, na dunia ikawaona. Ninawapenda kwa hilo. Udongo ni mahali pazuri pa kujifunza kupigwa, kudaka, na kusimulia pambano. Ila udongo unasamehe mambo ambayo mbao hazisamehi, basi ukihamia kwenye ulingo wa mbao anza upya na kuanguka kwa kuchuchumaa, hata kama una jina.

Na ukipata nafasi ya chuo popote, usilipe ada kabla ya kwenda kutazama darasa la wanaoanza likiendelea, mwanzo hadi mwisho. Usiangalie picha za mabingwa ukutani. Angalia kama mwalimu anasimama karibu mtu anapojaribu jambo jipya. Angalia kama kuna mkeka mnene wa kujifunzia, kama kuna mtu anayejua huduma ya kwanza, kama aliyeumia kidogo anaambiwa apumzike au anachekwa. Uliza waliojifunza hapo miaka mitano iliyopita wako wapi sasa, na magoti yao yakoje. Wakikupandisha kamba ya juu siku ya kwanza kwa sababu wameiona video yako ya ufukweni, chukua begi lako uondoke.